Alipoacha Kuota

Nilipoajiriwa katika shule ya wasichana upande wa Kapseret, nilikabidhiwa Chama cha Kiswahili kwa sababu walimu wenzangu wote walikuwa wameshakikwepa. Muhula ule wasichana walitaka kuigiza siku ya wazazi, na mchezo walioutaka ulikuwa ule wa kale wa mapenzi, wa vijana wawili ambao jamaa zao hazipatani. Hata mtu ambaye hajawahi kuusoma anajua kwamba wawili hao hawafiki mwisho wakiwa hai. Tulipata tafsiri ya Kiswahili, kitabu kimoja kilichochakaa, tukakitolea nakala.

Mchezo huo umejaa ndoto. Kijana anaota vibaya kabla ya kwenda karamuni, na rafiki yake anamcheka kwa kuziamini ndoto. Msichana anamtazama mpenzi wake akiondoka, na kwa nukta moja anamwona kama maiti. Lakini ndoto iliyotusumbua ni ile ya karibu na mwisho. Kijana anaamka na furaha kwa sababu ameota amekufa, kisha mpenzi wake akaja, akambusu, naye akafufuka akiwa mtu mkubwa kuliko alivyokuwa. Bado anaifurahia ndoto hiyo, mjumbe anaingia na habari za msiba.

Niliwaeleza wasichana kama nilivyofundishwa chuoni. Njozi ni mbinu ya sanaa. Mwandishi anaitumia kumwandaa mtazamaji kwa yatakayotokea, na hii ya mwisho ni kinaya, kwa kuwa mtazamaji anaogopa wakati ambapo mhusika anacheka. Msichana mmoja mrefu wa kidato cha tatu, ambaye ndiye angeigiza kijana, akainua mkono.

"Lakini mwalimu, yeye hajui yuko kwenye kitabu. Kwake yeye, hiyo ndoto ilikuwa na maana gani?"

Nyuma ya ukumbi, mwalimu wa kemia alikuwa akipigilia misumari kwenye jukwaa letu, maana ndiye pekee aliyekubali kusaidia. Akaweka nyundo chini.

"Ilimaanisha amelala vizuri," akasema. "Mtu akilala vizuri anaonanga vitu vizuri. Basi."

Wasichana wakacheka, nami nikaudhika kidogo. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa ndoto. Nasema hivyo bila mafumbo. Aliota kila usiku, na kila saa ya chai alinisimulia, akiwa amesimama kando ya birika la ofisi ya walimu na mkate mkononi. "Leo nimeota nafundisha ng'ombe kemia," angeanza. "Moja ilikuwa inaelewa kukushinda wewe." Siku nyingine alikuwa anapiga makasia ndani ya tangi la maji la shule, au mwalimu mkuu alikuwa amevaa shela ya bibi harusi na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Hakuwa akitafuta maana. Alizisimulia kama mtu anayesimulia safari alizotembea bure. Mimi sikuwa mtu wa kuota sana, na nikaanza kuisubiri saa ya chai. Baadaye nikagundua kwamba na mimi nimo katika ndoto hizo, kwanza nikipita kwa mbali, kisha nikiongea. Siku aliyoniambia kwamba ameota tunapanga vikombe kabatini, mimi na yeye, bila kusema lolote, nilijua nimeshaamua kwamba ni yeye atakayenioa.

Wazazi wangu walihamia Eldoret kutoka mkoa wa kati kabla sijazaliwa. Walikuwa na duka katika mtaa wa Pioneer, na bado wanalo. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mwaka wa fujo za uchaguzi, watu wetu na watu wao wakipigana, ambapo duka lilifungwa tukalala kanisani na majirani zetu, na tuliporudi tulikuta rafu tupu. Kwa akina mwalimu wa kemia nako kulikuwa na mtu wao ambaye hakurudi nyumbani mwaka huohuo. Hayo hayakuzungumzwa. Hakuna aliyemtukana wala kumtisha mwenzake. Mara ya kwanza aliponipeleka kwao Kapseret, mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti kizuri, akanimiminia chai katika kikombe cha wageni, na kwa muda wote niliokaa hakunitazama usoni. Alimuuliza mwanawe maswali yote yaliyonihusu, kana kwamba mimi sikuwapo. "Anatoka wapi huyu mwalimu?" "Watu wake wanafanya nini?" Nikiwa nimekaa pale.

Kwetu mambo hayakuwa tofauti. Mama yangu alimwita "yule rafiki yako" hata baada ya kumwambia kwamba ni mchumba. Hata hivyo, baada ya mazungumzo mengi, wazee wa pande zote mbili walikubali kukaa pamoja likizo ya Agosti kwa ajili ya posa. Hawakukubali kwa furaha. Walikubali kama watu waliochoka kukataa. Sisi tulitosheka na hilo.

Mama yangu alikuwa na elimu yake ya ndoto, aliyoipata kwa mama yake. Alifundisha kwamba ndoto husema kinyume. Ukiota mtu amekufa, umemwongezea maisha. Ukiota unalia, utacheka. Ukiota harusi, hapo ndipo uogope. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu huku akipanga sabuni kwenye rafu, "Ingekuwa inasema ukweli, nani angekubali kulala?"

Basi, juma moja kabla ya siku ya wazazi, mchumba wangu alinijia saa ya chai akitabasamu.

"Nimeota nimekufa," akasema.

Alikuwa amelazwa katika zizi la ng'ombe la mama yake, watu wamevua kofia. Kisha nikaingia mimi na viatu vyangu vya kanisani, nikakanyaga matope na samadi bila kujali, nikamwinamia na kumwambia, "Amka, tumechelewa." Akaamka. Alikuwa amevaa suti ambayo hajawahi kuwa nayo, na watu wote wakapiga makofi.

"Hiyo umeiiba kwa mchezo wetu," nikamwambia.

"Pengine. Kila jioni nawasikia wakirudia maneno hayo hayo. Lakini nimeiota, haki ya Mungu."

"Na ulipoamka ulijisikiaje?"

"Vizuri. Vizuri sana, yaani nimekunywa chai vikombe viwili kabla sijatoka."

Nilimpigia mama simu mchana huo, nikajifanya kwamba ninamchekesha. Hakucheka. Alisema, kwa sauti yake ya dukani ya kutangaza bei isiyopunguzwa, "Huyo ataishi maisha marefu." Nikamwamini. Mimi, niliyekuwa nimewaandikia wasichana ubaoni neno kinaya, nilimwamini mama yangu na nikafurahi.

Siku chache baadaye, mvua ikiwa imeanza kunyesha, mchumba wangu aliondoka shuleni mapema kwa sababu ng'ombe wa mama yake alikuwa karibu kuzaa. Alipanda pikipiki kwenye lango kama siku zote. Kwenye kona ya kuteremka, lori lililobeba kokoto lilikuja katikati ya barabara, mwenye pikipiki akalikwepa, magurudumu yakateleza. Mwenye pikipiki alivunjika mguu. Mchumba wangu alirushwa, kichwa chake kikagonga ukingo wa saruji wa mtaro. Kofia ya chuma ilikuwa moja tu, ya dereva.

Naibu wa mwalimu mkuu alinitoa darasani. Alinishika mkono kabla ya kusema lolote, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kushika watu mikono, sikuhitaji kusikia mengi.

Hospitalini mjini walimfanyia upasuaji, kisha wakamlaza katika wodi ambayo mashine zilimsaidia kupumua. Mama yake na mimi tulikaa kwenye benchi moja koridoni, siku baada ya siku. Tuliruhusiwa kuingia kwa zamu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa na kufungwa, uso umevimba, na kulikuwa na kucha moja ya mkono wa kulia ambayo bado ilikuwa na rangi ya buluu kutoka kwenye mandhari ya jukwaa aliyoipaka. Nilijikuta nikiitazama kucha hiyo kwa sababu ndiyo sehemu niliyoitambua.

Na nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, si kwa sababu ni baya, bali kwa sababu ni la kitoto. Siku ya pili nilivaa viatu vyangu vya kanisani. Niliingia wodini, nikasubiri muuguzi ageuke, nikamwinamia, nikambusu kwenye shavu kando ya ile mipira ya kupumulia. Nikamwambia, "Amka, tumechelewa." Mashine iliendelea kulia vilevile. Muuguzi akanigeukia, akaniambia kwa upole nisimguse usoni, kuna hatari ya maambukizi.

Nilipotoka, mama yake aliniuliza kwa mara ya kwanza moja kwa moja.

"Mwalimu. Wewe umesoma. Hakuna kitu mnajua cha kumwamsha mtu?"

"Hakuna, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejua tayari.

Mwalimu mkuu alinishauri tuahirishe mchezo. Mimi ndiye niliyekataa. Wasichana walikuwa wameshakariri, na kwenye benchi lile la koridoni hapakuwa na kazi ya mikono. Siku ya wazazi nilisimama pembeni mwa jukwaa alilolijenga, nyuma ya pazia la mashuka ya bweni, nikiwa na nakala mkononi ili nimkumbushe atakayesahau. Hakuna aliyesahau. Yule msichana mrefu, akiwa na masharubu ya makaa, alikuja mbele ya jukwaa, akaanza kueleza jinsi alivyoota amekufa.

Wazazi wengi walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo. Hawakuwa wamewahi kuuona mchezo huo. Mama mmoja aliyekaa safu ya mbele akasema kwa sauti, "Hiyo ni maisha marefu!" na ukumbi mzima ukaitikia kwa kicheko na makofi. Walikuwa wanamfurahia. Wanawake wa kutoka kwetu na wa kutoka kwa akina mchumba wangu na wale wa mkoa wa magharibi, wote walijua maana ile ile, na waligonga viti vyao kwa furaha. Msichana alisubiri watulie, kisha akaendelea, na mjumbe akaingia.

Mimi nilikuwa nimekaa chini nyuma ya mashuka, na nilijua kwamba sasa ninaweza kumjibu yule msichana. Kwake yeye kijana, ndoto ile haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa ni kutaka kwake tu. Alitaka sana kuokolewa na mtu fulani, na usingizi ukampa bure kile ambacho mchana haukuwa nacho. Sikumwambia msichana. Alikuwa na miaka yake kumi na saba, na makofi yalikuwa yake.

Wiki zilipita, kisha mchumba wangu akafumbua macho. Watu kanisani kwetu Pioneer waliimba. Nilikimbia hadi hospitalini kutoka kituo cha matatu. Alikuwa amekaa, amewekewa mito mgongoni. Alimtambua mama yake. Alinitambua na mimi, akataja jina langu, na nikapiga magoti pale sakafuni nikalia kwa shukrani.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ametaja jina langu kama vile angetaja jina la mtaa.

Daktari alitueleza kwa maneno rahisi. Sehemu ya mbele ya ubongo imeumia. Kumbukumbu nyingi zipo, maneno yapo, nguvu zitarudi. Lakini ile sehemu inayomfanya mtu ajali, achague, ajizuie, hiyo hawezi kuahidi. "Mwili umepona kuliko tulivyotarajia," alisema. Alisema hivyo mara mbili, na nafikiri alikuwa akitafuta kitu cha kutupa.

Alirudi Kapseret. Likizo ya Agosti ilifika na wazee hawakukaa. Nilianza kwenda kila Jumamosi. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, ameangalia lango. Aliongea, alikula, alitembea. Alikumbuka jedwali lote la elementi na alikumbuka kwamba tulikuwa tunapanga kuoana, kama mtu anavyokumbuka kwamba jana kulikuwa na mvua. Mara nyingine alicheka bila kitu cha kuchekesha. Mara nyingine alikasirika kwa sababu ya kijiko, akakitupa, kisha akauliza nani ametupa kijiko. Hakuwa mkatili. Hakuwa chochote kwangu.

Jumamosi moja nilimuuliza, "Siku hizi unaota nini?"

Alifikiria. Alifikiria kwa bidii, paji la uso likikunjamana, na kwa muda huo mfupi alifanana na yeye mwenyewe.

"Siotangi," akasema. "Nikilala ni kama mtu amezima taa. Halafu anawasha, ni asubuhi."

"Hata kidogo?"

"Hakuna kitu huko ndani." Akanitazama. "Kwa nini unalia sasa? Kila ukikuja unalia."

Mama yake alikuwa mlangoni, akasikia. Siku hiyo aliniita jikoni kwake. Alichukua kibuyu chake mwenyewe, akanimiminia mursik, maziwa yale yaliyolala na kuchacha, akakaa karibu yangu hadi magoti yetu yakagusana. Alinitazama usoni.

"Nilikuwa sikutaki," akasema. "Unajua hiyo. Sasa nakuomba. Mimi nimezeeka. Nikienda, nani atamwangalia? Wewe ni bibi yake. Posa tutafanya hata kesho, vile watu wenu wanataka. Nitaenda mimi mwenyewe kwa mama yako."

Kweli alikwenda. Alishuka Pioneer akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, akabisha mlango wa duka, na mama yangu akamkaribisha nyuma ya kaunta, mahali ambapo wateja hawafiki. Walikaa huko mchana mzima. Waliongea kuhusu ule mwaka wa fujo, jambo ambalo sikuwahi kumsikia mama yangu akiongea na mtu wa upande ule. Walilia pamoja. Mama yangu alimsindikiza hadi barabarani akiwa amemshika mkono, kisha akarudi, akafunga mlango wa duka kabla ya saa yake, akaniambia, "Ni mama mzuri sana. Lakini wewe hutaenda huko."

"Mama, nilimwahidi."

"Ulimwahidi mwingine. Yule uliyemwahidi hayuko. Utamwoa nani?"

Alikosea neno, maana kwetu mwanamke haoi, huolewa. Sikumsahihisha.

Nimeufundisha mchezo ule tena baada ya hapo. Mwishoni wazee wa jamaa hizo mbili wanashikana mikono juu ya maiti za watoto wao, na wanafunzi huniandikia kwamba dhamira ni upatanisho. Nawapa alama zao. Wazazi wetu sisi pia wamepatana. Mama yangu humpelekea mama wa mwalimu sukari na majani ya chai, naye huleta maziwa. Wanaitana dada. Lakini hakuna aliyekufa, kwa hiyo hapakuwa na matanga, na sikuwahi kupewa siku ya kuvaa nyeusi wala siku ya kuivua. Mimi si mjane. Si mchumba, na si msichana asiye na mtu. Nimetafuta katika Kiswahili, lugha ninayolipwa kuifundisha, na sijapata neno la mtu kama mimi.

Ni mwalimu mwenyewe aliyenizuia kwenda kwao. Hakusema kwa hasira. "Usikuje tena," alisema, akiangalia lango. "Ukikuja huyu mama analia, na wewe unalia, na mimi nachoka." Nikaacha. Niliomba uhamisho, nikapata shule upande wa pili wa mji.

Msimu wa mvua uliopita mama yake alinipigia simu mchana. Mwanawe alikuwa ametoka nyumbani asubuhi na hajarudi, majirani wametafuta kila mahali. Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda. Nilimkuta mimi, kando ya ua wa waya wa uwanja wa ndege, amesimama kwenye nyasi ndefu, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa akitazama ndege ndogo iliyoegeshwa.

"Hiyo inakunywa mafuta gani?" akaniuliza, kana kwamba nilikuwa naye tangu asubuhi.

Nikamwambia sijui. Akanieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama darasani. Alipomaliza nilimshika mkono, akaniruhusu, na tukatembea hivyo hadi kwao. Mkono wake ulikuwa ule ule. Ulikuwa na joto lile lile na ugumu ule ule chini ya vidole, na ulikaa ndani ya wangu kama zamani, na hapakuwa na mtu ndani yake. Njia nzima aliongea kuhusu mafuta.

Langoni mama yake alimpokea, akamvua viatu vilivyojaa maji. Aliingia ndani bila kugeuka.

"Utakunywa chai, mwanangu?" mama yake akaniuliza.

Nilimwambia nina madarasa kesho asubuhi. Alielewa. Nilitoka nikasimama kando ya barabara. Pikipiki moja ilisimama, dereva akaniuliza ninakwenda wapi, nikatazama magurudumu yake tu. Akasubiri kidogo, akaenda zake. Ilipokuja ya tatu, nilikuwa na sauti ya kutosha kusema, "Pioneer."